Midomo Iliyozibwa

Mkibisha bisheni, mimi namjua Hyasinta, mfinyanzi wa Nyamuswa. Si mtu wa kuzua maneno.

Mwaka ule sufuria zilirudi madukani baada ya kuadimika, vyungu vyake vikakosa wanunuzi. Twalib, mchuuzi wa Musoma, akamletea picha ya sanamu za mbao za visiwa vya Pasifiki: macho makubwa, mikono tumboni, kinywa wazi.

"Nifinyangie hii kwa udongo, mama. Watalii wanazipendaga."

Akaifinyanga, ndani tupu kama chungu. Ila kile kinywa kilimtisha. Akakiziba, akailainisha midomo. Alijua kitu kisicho na tundu hupasuka motoni, lakini aliona bora ipasuke kuliko kumwachamia vile.

Jioni akaichoma kwa mavi ya ng'ombe, akangoja kishindo. Hakikuja. Alichosikia ni kitu kinakwaruza, polepole, kama panya ndani ya debe. Giza lilipotanda, kukwaruza kukakoma.

Asubuhi akaifukua majivuni. Nzima, haina hata ufa. Kinywa kilikuwa wazi, na kwenye midomo kulikuwa na alama za vidole vidogo, vilivyousukuma udongo kutoka ndani.