Kamba na Magunzi

Kasmir hakuwa na mbolea. Hakuwa na kuni za karibu, hakuwa na maji ya karibu, na ghalani kwake hata panya walikuwa wameshahama. Alichokuwa nacho ni mwaliko wa mdogo wake Tadei: "Kaka, njoo huku Kaoze. Nimekuwekea shamba. Nijibu mapema, nisije nikampa mwingine."

"Tunahama," Kasmir alimwambia mkewe.

"Hama wewe," alijibu Bertilla. "Kaburi la mama nimwachie nani?"

Walikuwa bado wanabishana alipopita Janeth, afisa ugani aliyetoka Mbeya.

"Shikamoo mzee. Nasikia mnatukimbia?"

"Marahaba. Ardhi imechoka, mwanangu."

"Imechokaje?"

"Imechoka tu! Mbona mimi nikichoka huniulizi?"

Janeth alicheka. Aliokota magunzi ya mahindi, akakaa chini na kipande cha kamba.

"Miti ya pale chemchemini iko wapi, mzee?"

"Nilichoma mkaa, nipate hela ya mbolea."

Janeth akafunga gunzi la kwanza. "Na chemchemi?"

"Inakauka," alidakia Bertilla. "Nachota maji mbali, narudi jua la utosi. Nguvu ya kulima ntumba nitaipata wapi?"

Ntumba ni matuta ya mviringo. Mvua zikikaribia kwisha, Wafipa hufukia nyasi ndani yake, zikaoza na kuwa mbolea.

"Mambo ya mababu hayo," alisema Kasmir. "Mimi nyasi nazichoma. Kiberiti kimoja, kazi imekwisha."

"Na mavuno?"

"Haba. Ndiyo maana nachoma mkaa, ninunue…" Kasmir akaitazama ile kamba.

Janeth alifunga gunzi la mwisho, akaliunganisha na la kwanza. Kisha akavuta moja. Yote yakafuata.

"Umeona, mzee? Miti, maji, nguvu za mama, udongo na mavuno, vyote viko kwenye kamba moja. Ukiharibu kimoja umegusa vyote. Ukitengeneza kimoja, vingine navyo vinaanza kupona. Kaoze utakwenda na kamba hii hii."

"Sasa nianze na kipi?"

"Kilicho rahisi zaidi."

"Kiberiti," alisema Bertilla. "Lete hapa!"

Tadei alikubali kusubiri msimu mmoja. Bertilla akapika pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe. Walifukia nyasi kwa nyimbo na utani, wakapanda maharage juu ya ntumba. Pale chemchemini Kasmir hakukata tena hata kijiti, na visiki vikaanza kuchipua. Mvua mpya ziliponyesha, walisambaza udongo wa ntumba, sasa mweusi, wakapanda mahindi.

Maji bado hayajarudi yote. Miti haikui kwa siku moja. Lakini mavuno ya mwaka huo yalijaza ghala, na mkaa haukuchomwa.

"Mpigie simu mdogo wako," alisema Bertilla.

"Neno la ardhi halisemwi kwa simu," alijibu Kasmir. Akachukua kalamu:

"Ndugu yangu Tadei, asante. Shamba hilo mpe mwenye shida. Sisi hatuhami. Na wewe huko, usichome nyasi."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akaenda Sumbawanga mjini kumkabidhi kondakta wa basi la Kaoze.