Salamu ya Wanga

Murendeni alifanya kazi mgodini Rustenburg, mbali na kwao Venda. Pasaka ilipofika, alirudi nyumbani. Mkewe, Lufuno, alimpikia ugali na mashonzha, wale viwavi watamu wa mti wa mopane. Mtoto wao wa kiume, Wanga, wa miaka mitano, alikula mpaka kidevu kikang'aa.

Kesho yake walikwenda kumwamkia babu. Wazee wa ukoo walijaa uani. Wanga akachuchumaa kwa adabu, akasema kwa sauti, "Aa!"

Watu wakaangua kicheko. Kwa Wavenda, mwanamume husalimu "Ndaa". "Aa" ni salamu ya wanawake.

"Karibu, binti yangu!" shangazi alimtania. "Mahari yako ng'ombe wangapi?"

Wanga alijificha nyuma ya mama. Tangu hapo akagoma kumsalimia mtu yeyote. Murendeni aliumia moyo.

"Basi aongee Kiingereza tu!" alifoka. "Lugha hii inamwaibisha mwanangu."

Jirani yao Vho-Masindi, mwalimu wa chekechea, alimsikia kutoka ng'ambo ya ua.

"Kaka, mtoto hana kosa. Anawasikia kina nani wakisalimu? Mama, bibi, shangazi. Mbona kajifunza vizuri!"

"Lakini mimi huongea naye kwa simu kila Jumapili."

"Kwa lugha gani?"

Murendeni akajikuna kichwa. "Kiingereza. Nataka afaulu shuleni."

"Mtoto akiimudu lugha ya nyumbani, ya pili humwia rahisi. Kiingereza tutamfundisha sisi. Hiyo 'Ndaa' ataitoa wapi, na baba yake kanyamaza?"

Likizo yote baba na mwana wakawa chanda na pete. Walichunga mbuzi pamoja, wakiongea Kivenda, wakisalimu kila mpita njia. Mwanzoni Wanga alinong'ona. Baadaye hata mbuzi walisalimiwa.

Siku ya kuaga, Wanga alichuchumaa mbele ya babu. "Ndaa!"

Babu akaitikia, akamketisha mkekani pamoja na wanaume. Shangazi akapiga vigelegele.

"Ole wangu, mahari imeniponyoka!"

Jumapili iliyofuata, simu iliita bwenini mgodini.

"Baba," Wanga alisema kwa Kivenda, "nisimulie hadithi."

Murendeni hakuwahi kusimulia tangu utotoni. Alianza kwa kusitasita, "Hapo kale..."

"Salungano!" Wanga na mama yake wakaitikia simuni, kama hadithi za Kivenda zinavyoitikiwa kila msimulizi anapotua.

Murendeni akaendelea. Alipotua tena, itikio lilitoka pia nyuma yake. Wavenda wenzake walikuwa wamekaa vitandani, wanamsikiliza, nyuso zimechangamka.

"Salungano!"