Mgeni wa Ukurasa wa Kabati

Jumatatu, tarehe kumi na tatu Mei, saa nne asubuhi, dada yake Fundi alimwona mgeni asiyeondoka.

Karakana ya useremala ilikuwa ya Fundi. Dada yake alisimamia tovuti, na kila asubuhi, baada ya Bismillahi, alifungua takwimu zake aone watu wameingia kutoka wapi, wametazama nini, na wamechokea ukurasa gani. Wengi walitoka upesi, maana picha zilikuwa nzito na kurasa zilifunguka kwa kusuasua. Mmoja tu aliganda. Alikuwa kwenye ukurasa wa kabati jeusi, lile ambalo Fundi alilichonga kwa mbao za nyumba iliyoungua na watu wake. Hakubofya kitu. Hakutoka.

"Huyo kanogewa," Fundi alisema, akipangusa vumbi la mbao usoni. "Au kalala na simu mkononi."

Dada alifuata takwimu kama alivyofundishwa: kinachoshika watu hupelekwa mbele. Akaipunguza picha uzito, akaliweka kabati ukurasa wa kwanza. Tovuti ikawa inafunguka kufumba na kufumbua, oda zikaanza kuingia, na Fundi akamtania kwamba sasa atamtafutia mume mvivu, kwa kuwa riziki imeshapatikana.

Lakini kwenye ramani ya takwimu, nukta nyekundu iliyomwonyesha mgeni ilikuwa imeanza kusogea. Mwanzo ilikaa katikati ya bahari, pasipo na nchi. Tangu ukurasa uwe mwepesi, ikaja mjini, ikaja mtaani kwao, na adhuhuri moja, jua likiwaka dirishani, ikasimama juu ya paa la karakana. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Ndani ya kabati lenyewe, lililosimama pembeni mwa karakana, kucha zilikuwa zikikwaruza polepole.

"Kaka, toka nje," alinong'ona. "Nakuomba kwa jina la mama."

"Nimalizie ubao huu, mdogo wangu."

Dada akashika kipanya, na kwa hofu akaufuta ukurasa wa kabati, akidhani mgeni asiye na ukurasa atakwenda zake. Nukta haikutoka.

Milango ya kabati ikapasuka kwa ndani, na kitu kisicho na umbo, cheusi kama masizi, kikamkamata Fundi shingoni na kumbamiza ukutani mpaka meno yakamwagika, kisha kikamburuta kwa nywele hadi kwenye msumeno wa umeme, ambao plagi yake ilikuwa imelala sakafuni na bado ukaanza kunguruma, kikausukuma mkono wake wa kulia chini ya meno ya chuma, mfupa ukalia, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kompyuta, na dada akamvuta kaka yake kiunoni kwa nguvu zake zote, akavuta huku akisoma kila aya aliyoijua, mpaka Fundi mwenyewe, kwa mkono uliobaki, akamsukuma nje ya mlango.

"Kimbia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

Alikimbia msikitini. Sheikh alikuja na kanzu yake ya kazini, akaingia peke yake akisoma, na kelele zilizotoka mle ndani ziliwafanya majirani wafunge madirisha. Mwishowe msumeno ukanyamaza, harufu ikaisha. Sheikh alitoka akiwa na damu mpaka viwikoni.

Dada alimuuliza kama yeye mwenyewe angaliweza kumwokoa kaka yake. Mzee yule alikaa kizingitini.

"Binti yangu, ulipoifuta njia aliyojia, alikosa pa kurudia. Ndipo akamvamia kaka yako. Ungeiacha wazi, ukaniita, ningemsomea arudi huko huko."

Hakumficha, wala hakumlaumu. Akamfunika kichwa kwa upande wa mtandio wake, akamwacha alie.

Ewe Mola, mrehemu Fundi. Msamehe alilolijua na asilolijua. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru, na mkono ule uliozikwa ubavuni mwake umuungie siku utakayotufufua sote. Amina.