Nafasi ya Gervas

Jumatatu hiyo asubuhi kadi ilikataa. Semeni aliichomeka kwenye mashine kama kila siku, akawasha televisheni, na maandishi yakamwambia hakuna nafasi. Akacheka kidogo, maana Ijumaa alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe na kuacha vyumba vinane vitupu. Akafungua orodha. Vyumba vyote kumi na vitano vilikuwa vimejaa, na vile vinane havikuwa na jina wala picha. Vilikuwa vyeusi tu, na vimeshikwa.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye kibanda cha gemu, jambo lenyewe liko hivi. Memori kadi ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ndani yake mna vyumba kumi na vitano. Mchezaji akitaka kesho aendelee alipoishia leo, lazima apate chumba cha kuweka mchezo wake. Wachezaji wanaongezeka, vyumba ni vile vile. Kwa hiyo kila kibanda kina mtu anayeamua nani abaki na nani afutwe. Mji Mpya, Morogoro, mwaka ule wa 2001, mtu huyo alikuwa Semeni, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, aliyepunguzwa kazi kiwanda chao kilipobinafsishwa, na ambaye wenzake walipokimbilia mitumba yeye alinunua mashine mbili za gemu. Walimcheka sana, mama mzima na michezo ya watoto. Baadaye walikuja wenyewe kuwatafuta waume zao pale. Wateja walimwita Mama Nasra, kwa binti yake wa pekee aliyekuwa kidato cha kwanza, bweni, huko Turiani.

Vile vyumba vinane vilikuwa vya Gervas. Huyu alikuwa mkulima wa kabichi kutoka Mgeta, mtu mpole wa miaka ishirini na tisa, aliyeshuka na lori la mboga kila Jumatano. Mzigo ukishapakuliwa, na kabla lori halijarudi mlimani, alikuja kucheza mpira saa mbili tu, miguu ina udongo hadi magotini. Timu yake ilikuwa ya peke yake duniani. Aliwafuta majina wachezaji wote wa Ulaya, akaandika ya wajomba zake waliokufa, herufi moja moja kwa padi, kile kishikio chenye vitufe: Mkude, Banzi, Kobelo, Msimbe, Dimoso, na wengine. Miezi saba alikuwa akiwapandisha daraja. Walimtania kwamba amewatoa wazee kaburini awakimbize kwenye mvua. Naye alijibu kwamba wazee hao walikufa hata treni hawajapanda, waacheni wakaone Ulaya.

Alikufa Jumatano moja akirudi kwao, lori lilipopinduka kwenye kona. Semeni alipata habari Alhamisi, akasikitika kama watu wanavyosikitika. Ijumaa wanafunzi wa Mzumbe wakaja na gemu mpya, wanataka kuanzisha ligi, na ligi ilihitaji vyumba vinane hivyo hivyo. Mmoja wao, Jackson, akaliona jina la Gervas kwenye orodha, akasita. Alisema labda wasubiri kidogo, maana marehemu ndiyo kwanza anazikwa. Hapo Semeni akasema neno ambalo baadaye angetoa chochote alirudishe mdomoni.

"Marehemu atacheza na nani?"

Wakacheka. Na yeye akacheka. Mashine ikauliza kwa Kiingereza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo.

Asingeweza kusema hakujua. Alikuwa ameishi na Waluguru, watu wa kina Gervas, miaka ishirini, amekaa misibani kwao, amepika na kuosha vyombo vyao. Alijua kwamba mtu akifa, vitu vyake havisogezwi mpaka siku ya kuanua tanga. Jembe linabaki pale lilipoegemezwa, kitanda hakitandikwi upya, kwa sababu mpaka ukoo umpe mtu mwingine jina lake, marehemu bado anakaa kwenye vitu vyake. Semeni alijiambia kwamba kidude cha plastiki si jembe. Alijiambia hivyo mara nyingi mno, na mtu mwenye haki hajirudii namna hiyo.

Jumatatu ile alivifuta vile vyumba vyeusi. Jumanne vilikuwa vimejaa tena. Ndipo ikaanza harufu. Kibanda kilikuwa na mapazia mazito ya kuzuia jua lisipige kwenye kioo, na humo ndani, katikati ya kiangazi, kukawa kunanuka udongo uliolowa na majani ya kabichi yaliyopondwa. Wateja walisema ni mtaro. Semeni akanunua kadi mpya sokoni, akaifungua mbele ya Jackson ili apate shahidi. Nayo ilikuwa imejaa. Jackson aliweka padi chini taratibu, akasema ana mtihani, na hakuonekana tena mtaa ule.

Wiki ya pili akaja mama yake Gervas. Bi Yustina alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, ana rozari shingoni na kikapu cha njegere mkononi. Semeni alimwamkia, akamwekea kiti, akamsikia akimshukuru kwa kiti hicho kama vile amepewa nyumba.

"Mwanangu, nasikia Gervas ameacha wajomba zake kwako," Bi Yustina alisema. "Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, ila majina ya kaka zangu nitayatambua. Nionyeshe tu niwaone."

Semeni alifungua mdomo aseme kweli. Lakini macho yake yakaangukia zile njegere, mbichi, zilizochumwa alfajiri kwa ajili yake, na kweli akaiacha.

"Leo umeme hakuna, mama, ni huu mgao," akasema. "Lakini wapo. Wapo kwangu, nimewatunza."

Nyuma yake feni ilikuwa inazunguka. Bi Yustina aliitazama feni, kisha akamtazama yeye, akasema ahsante. Akamweleza kwamba tanga litaanuliwa Jumamosi ya siku ya arobaini, na kwamba ukoo wote unamngoja apande na yale majina. Alipoondoka Semeni alikaa chini akajifunika uso kwa khanga, na aibu iliyomshika siku hiyo haikumtoka.

Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika kweli, saa tisa mchana. Wateja walitoka nje kutafuta hewa, naye akabaki ndani peke yake akikunja nyaya, na hapo akasikia padi ikibonyezwa. Haikubonyezwa kwa pupa kama mtu anayekimbiza mpira, ilibonyezwa kidogo kidogo, kama mtu anayechagua herufi, anasogea, anasita, anabonyeza, anasogea tena. Akageuka kuangalia, na padi zote zilikuwa zimelala mezani, na kile kioo kilikuwa cheusi, na ile harufu ya udongo ilikuwa imepanda mpaka anaihisi kwenye ulimi, na kila sauti ile ilipotua na kunyamaza alijikuta midomo yake mwenyewe imetamka kitu, mara ya kwanza taratibu na mara ya pili waziwazi, jina la mtu ambaye hajapata kumwona, na baada ya jina hilo jingine, wala hakuweza kuuziba mdomo wake mpaka sauti ilipoacha yenyewe.

Jioni hiyo jirani anayemuuzia maandazi miaka kumi sasa alimsalimu, naye akashindwa kukumbuka anaitwa nani. Alidhani ni uchovu. Kesho yake akasahau majina ya watu wawili aliofanya nao kazi kiwandani, meza moja. Kisha, alipoinua mikono baada ya swala kumwombea marehemu mama yake, kama alivyofanya tangu azikwe, jina la mama halikuwepo. Alilitafuta. Alilivuta kwa machozi. Kilichotoka mdomoni kilikuwa Mkude.

Hapo akaelewa, akahesabu. Majina manane ya ukoo wa Gervas alikuwa anayajua bila kufundishwa, na watu wake wanane walikuwa hawapo tena kichwani. Kila aliyeingia alimfuta mmoja. Akakimbilia jina la binti yake, akalitamka mara tatu, likatoka zima.

Alikwenda kwa Mwanaidi, mganga wa mtaa wa nyuma, mwanamke mwenye haraka zake anayetibu watu huku sufuria iko jikoni. Mwanaidi alichoma ubani, akamsomea, kisha akatega sikio kwa muda mrefu, na mwisho akafunika chetezo.

"Mimi kazi yangu ni kutoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ameshatolewa. Wewe ndiye uliyemtoa. Sasa anatafuta pa kukaa na watu wake."

"Nifanye nini, dada?"

"Kawaambie wenyewe ulichofanya, mbele ya watu, kabla jina lake halijarithiwa. Wakijua kwako hayupo, watamwita nyumbani naye atakwenda. Ukiwaficha, atabaki pale ulipowaambia yupo."

Semeni alinong'ona kwamba ana mtoto. Mwanaidi akamjibu kwamba ndiyo maana anamwambia awahi.

Hakuwahi. Mara mbili alifika kwenye malori ya Mgeta, maneno ameyapanga, na mara mbili alikumbuka ile feni ikizunguka na yule bibi akisema ahsante, miguu ikamgeuza. Mara ya kwanza ilimgharimu dada yake. Mara ya pili ilimgharimu marehemu mume wake, uso na jina, akabaki anatazama picha ya harusi na kujiuliza ni bwana gani yule aliyesimama naye. Kila asubuhi alisema Nasra, Nasra, kisha ndipo alipoamka kitandani.

Jumamosi ya arobaini akapanda. Lori lilimshusha pamoja na abiria wengine barabara ilipoishia, wakaendelea kwa miguu kwenye vinjia vilivyokatwa ubavuni mwa mlima, katikati ya matuta ya karoti, na ukungu ukitambaa juu ya mapaa. Njia nzima alijifunza sentensi moja. Niliwafuta, nisameheni. Maneno mawili, hata mtoto angeyabeba.

Uani palikuwa pamejaa. Bi Yustina alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha mkekani mbele kabisa, akawaambia watu kwamba huyu ndiye mama aliyewatunza wajomba wa Gervas. Wanawake wakampigia vigelegele. Mzee wa ukoo, Mzee Gabrieli, akaondoa kofia yake kwa heshima, na Semeni, ambaye maisha yake yote hakuna mzee aliyemvulia kofia, aliona uso unamuwaka.

"Tusomee, mwanangu," mzee akasema.

Akaanza. Mkude. Kikongwe mmoja akaguna na kushika kifua. Banzi. Kobelo. Kila jina lilipotoka lilipokelewa kwa kilio, na watu walishangaa kwamba hana karatasi. Alifika la kumi akanyamaza, kwa sababu la kumi na moja hakuwa nalo.

"Na wa mwisho?" Mzee Gabrieli akauliza. "Gervas alituambia ni kumi na mmoja."

Semeni akatafuta kichwani mwake. Palikuwa pamebaki mtu mmoja tu wa kwake, msichana wa miaka kumi na nne mwenye mwanya, anayecheka kabla hajamaliza kusimulia kinachomchekesha. Mwingine alikuwa amesimama mlangoni mwa kichwa hicho, ana udongo hadi magotini, anangoja. Bi Yustina akamwinamia sikioni.

"Siku ile umeme ulikuwepo, mwanangu," alinong'ona bila hasira. "Kama kuna neno, liseme. Hatutakula."

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa wazi kabisa. Bibi alijua, na alikuwa ameshamsamehe, na kilichobaki ni maneno mawili tu. Lakini kujua kwamba anajulikana ndiko kulikomchoma Semeni kuliko yote, kwamba mwanamke huyu alimtazama akidanganya na akamwachia njegere zake hata hivyo, na kwamba sasa akifungua mdomo macho haya yote yaliyomlilia kwa shukrani yatageuka, na mzee atairudisha kofia yake kichwani, na atateremka mlima huu peke yake huku wanawake waliompigia vigelegele wakimsindikiza kwa kimya. Alifumba macho. Alimwona mtoto wake, alimwona vizuri, akasikia na kicheko chake. Kisha akasogea kando, akampisha anayengoja.

"Gervas," akasema. "Alijiweka mwenyewe, golikipa."

Ua ulilipuka kwa vigelegele. Bi Yustina aliuachia mkono wake taratibu. Kijana wa ukoo akasimamishwa akapewa jina, jembe likaondolewa ukutani, watu wakala na kunywa, na Semeni akapewa kuku wa kwenda naye.

Jumapili mchana alikuwa amesharudi kibandani. Alichomeka kadi na kuikuta nyeupe, vyumba kumi na vitano vitupu, na hewa ilikuwa safi. Kichwa chake kilikuwa kimetulia. Alikuwa anafungua mapazia, moja limekwama, akasikia sanduku la bati likiwekwa chini mlangoni.

"Shikamoo mama."

Alikuwa msichana wa sare za shule, amejaa vumbi la safari, ana mwanya.

"Marahaba," Semeni akaitikia. "Bado hatujafungua. Na wanafunzi siwaruhusu hapa."

Msichana akacheka. Alisubiri na mama yake acheke. Alipoona hacheki, akasema shule imefunga, amekuja likizo, barua alituma. Semeni alimsikiliza kwa makini, kama unavyomsikiliza mtoto wa watu aliyepotea njia.

"Mama, acha," msichana akasema. "Mtaa mzima wanakuita kwa jina langu."

Semeni alimtazama machozi yakimtoka, na aibu kali ikampanda kutoka miguuni hadi masikioni, asijue ni ya nini wala amemkosea nani. Akatafuta la kumfariji. Akashika lile sanduku upande mmoja amsaidie kulibeba.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Niambie tu unaitwa nani na kwenu ni wapi, nikupeleke."