Kitufe Chekundu

Siku bei zilipopunguzwa, duka la kamera la ghorofani lilijaa mpaka mlangoni. Dada mmoja aliyevaa gauni la rangi ya ndimu, lililonyooka kama limetoka chini ya pasi sasa hivi, alisukumwa na umati mpaka akagonga kaunta.

"Pole, dada," alisema muuzaji. "Kuna kilichovunjika?"

"Mbavu zangu tu."

"Hizo hatuna spea."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, miwani inayoteleza kila akiinama. Aliisukuma juu kwa kiganja cha mkono, kwa sababu vidole havikuruhusiwa kugusa uso na kisha kugusa lenzi. Dada alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa.

"Nataka ile," alisema, akionyesha kamera kubwa nyeusi, lenzi yake ndefu kama chupa ya chai.

"Ni ya nani?"

"Ya mama."

"Mama ni mpiga picha?"

"Mama alikuwa anafua nguo za watu. Sasa amepumzika. Anataka kupiga picha za maua yake, za wajukuu watakapopatikana, na chochote kitakachopita mbele yake."

"Na simu?"

"Yake ni ya vitufe, ya kupigia tu. Simu ya kioo haimsikii. Vidole vimekufa kwa sabuni. Anagusa kioo, kioo kinamwangalia tu."

Muuzaji alikuwa ameshaitoa ile kubwa. Akairudisha kabatini.

"Nikikuuzia hii, bosi atanipenda na mama atanichukia." Alitoa nyingine, ndogo, ya rangi ya fedha, inayoenea kiganjani. "Hii ina vitufe vya kweli. Ukibonyeza, vinaitika. Kioo cha nyuma kikubwa, maandishi makubwa. Betri za kawaida, hata za rimoti zinaingia. Ukitaka kuvuta kitu karibu, lenzi inatoka yenyewe. Na usibabaishwe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye maboksi. Kwa picha ya kuweka ukutani, hii inatosha na kubaki."

"Mbona bei yake ndogo? Wanasema rahisi ni ghali."

"Na ghali usiyojua kuitumia?"

"Hiyo ni pambo."

"Basi umeshajijibu." Akaweka kadi ya kumbukumbu ndani, akafunga kijifuniko. "Jambo moja. Hiki kitufe chekundu ni cha video. Watu wanakibonyeza bila kujua, wanarekodi dari mpaka betri inakufa. Mwambie mama akae nacho mbali." Kisha akaandika namba ya simu juu ya boksi. "Ikisumbua, nipigie."

"Kamera ikisumbua?"

"Hata ukisumbuka wewe."

Alimpigia jioni hiyo hiyo, na kamera haikuwa na tatizo lolote.

Dada yule alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, kazi ya kusimama kutwa katikati ya mvuke. Kijana akambandika jina la Pasi, naye akamwita Miwani. Jioni walikaa kwenye benchi la bustani iliyo nyuma ya posta, wakila njugu kutoka mfuko mmoja.

"Pasi wangu, leo umemnyoosha nani?"

"Suti ya mheshimiwa fulani. Na wewe nitakunyoosha usipoacha kumaliza njugu."

Walikuwa na raha. Lakini kuna jambo moja Pasi hakumsimulia Miwani, kwa sababu lilimtia haya hata yeye mwenyewe.

Jioni ya kwanza baada ya kuinunua kamera alikaa na mama yake kitandani amfundishe. Miguu ya Pasi ilikuwa imevimba. Mama aliwasha, akazima. Akapiga picha kidole chake. Akauliza tena wapi pa kutazama picha zilizopigwa, na Pasi alikuwa amekwisha kumweleza.

"Mama, nimekwambia mara ngapi? Hata mtoto wa chekechea angeshajua!"

Mama alicheka, kicheko kifupi. Akaifuta kamera kwa upindo wa khanga, akairudisha kwenye mfuko wake.

"Basi mwanangu. Umechoka. Tutaendelea siku nyingine."

Hakuuliza tena. Pasi akadhani ameikatia tamaa. Kila alipouona ule mfuko mdogo juu ya kabati, alitaka kusema, njoo mama tuanze upya. Lakini kila siku ilikuja na uchovu wake.

Wakati huo Miwani naye alianza kupigiwa simu za ajabu. Zililia walipokuwa bustanini, naye akainuka kwenda kuzungumzia pembeni, akirudi na tabasamu.

"Nani?"

"Mteja."

"Mteja anakuchekesha hivyo?"

"Wateja wengine wana vichekesho."

Siku moja umeme ulikatika kwa dobi, wakaruhusiwa mapema. Pasi alivaa lile gauni la rangi ya ndimu, akapanda ngazi za duka la kamera amshangaze mpenzi wake. Alimkuta amegeukia ukuta, simu sikioni, sauti laini.

"Usiogope, bibie. Mimi nipo. Hapana, hajui lolote, siwezi kumwambia. Njoo kesho mchana, yeye akiwa kazini."

Alipogeuka, miwani ilimteleza mpaka ncha ya pua, na safari hii hakuisukuma.

"Endelea," Pasi alisema. "Bibie anasubiri."

"Pasi, sivyo unavyofikiri."

"Basi niambie ilivyo."

"Siwezi. Nimempa mtu ahadi."

"Na mimi ulinipa nini? Njugu?"

"Nipe siku chache tu, nimwombe aniruhusu."

"Mwombe akuruhusu kulala kwake kabisa."

Alishuka ngazi bila kushika mkono wa ngazi. Miwani akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ilizimwa.

Mama hakuambiwa kitu, ila mama ni mama. Aliona sahani inarudi na chakula. Asubuhi moja, Pasi akifunga viatu mlangoni, mama alimwita kutoka kwenye kiti chake cha kibarazani, penye makopo ya maua.

"Mwanangu, kaa kidogo. Kuna kitu nataka kukwambia kuhusu yule kijana."

"Mama, nimechelewa. Jioni."

"Ni kidogo tu."

"Jioni, mama!"

Jirani aliyekuja mchana huo kuomba maji ya kumwagilia ndiye aliyemkuta. Alidhani amesinzia. Kamera ilikuwa mapajani.

Mazishini Miwani alisimama nyuma kabisa, karibu na lango. Pasi alimwona. Akageuza uso. Miwani hakusogea kujitetea; pale hapakuwa mahali pake. Tena alikuwa na lake lililomla ndani, na lilimfanya aone anastahili kugeuziwa uso.

Baada ya wageni kutawanyika, mama mdogo alibaki kusaidia kupanga nyumba. Alikuwa mdogo wake marehemu, mwanamke wa maneno mengi, na hata huzuni haikumpunguzia.

"Tafuta picha ya dada tuitie kwenye fremu. Nzuri, anayecheka. Siyo ile ya kitambulisho, pale alikuwa kama anadaiwa."

Pasi alitafuta kwenye simu yake. Kulikuwa na picha zake na Miwani, benchi, njugu, gauni kabla na baada ya kupigwa pasi. Mama hakuwemo. Alitafuta tena, polepole, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Alikuwa amemnunulia mama kamera, na yeye mwenyewe hakuwahi kumpiga mama hata picha moja.

"Vipi?" aliuliza mama mdogo.

"Natafuta, mama mdogo."

Aliingia chumbani, akafungua droo alimoifungia ile kamera siku ya msiba. Betri zilikuwa zimekufa. Akatoa za rimoti, akaweka. Lenzi ikatoka yenyewe.

Picha za kwanza zilikuwa kidole. Kisha maua, ya ukungu. Kisha maua yaleyale, safi, umande ukionekana kwenye jani. Kisha mgongo wa mtu mlangoni. Mgongo huohuo, gauni jingine. Viatu vilivyovuliwa. Miguu iliyovimba juu ya mto, mwenyewe amelala hajui. Tena mgongo, mlango ukifungwa. Pasi alitambua kwamba hivyo ndivyo mama alivyomwona: akiondoka, au amelala.

Halafu akaona kaunta. Kioo cha kaunta, kimekaa upande. Paji la uso la mtu, na miwani. Mkono wa shati jeupe ukielekeza kitufe. Pasi alikaa chini, sakafuni.

Ya mwisho ilikuwa video. Kioo kilionyesha dari ya duka, na sauti zikasikika.

"Mbona imewaka nyekundu?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mama mkwe, ndicho kile nilichokukataza!"

"Mama mkwe? Umeshaleta posa wewe?"

"Bado. Nitaleta."

"Lete. Mimi nipo. Lakini usimwambie kwamba nakuja hapa. Mwanangu anarudi miguu imemvimba. Nikimuuliza mambo ya kamera namchosha. Nataka nijue kwanza, ndipo nimpige picha nzuri, ashangae."

"Sitamwambia. Lakini hizi simu zako zitaniua, ataniona nina mwanamke."

"Si unaye? Mimi ni nini?"

Vicheko viwili. Dari ikayumba, na mara kioo chote kikajaa uso wa mama, mkubwa, unachungulia ndani ya lenzi kwa mshangao, kisha unacheka.

"Sasa hii inazimwaje?"

"Bonyeza palepale, mama. Taratibu. Hakuna haraka."

Kioo kikawa cheusi.

Siku iliyofuata Pasi alipanda ngazi za duka. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na gauni lililokunjamana. Alisubiri nyuma ya wateja mpaka zamu yake ilipofika.

"Nataka picha itolewe kwenye video," alisema. "Uso wa mama. Hatuna picha nyingine nzuri."

Miwani aliipokea kamera kwa mikono miwili. Akatoa kadi, akaiingiza kwenye kompyuta. Waliangalia pamoja, bega kwa bega, Miwani akiisogeza video kidogokidogo.

"Hapa amefumba macho."

"Hapa ametikisika."

"Rudi nyuma. Hapo. Anaanza kucheka."

"Hiyo," Miwani alisema.

Wakaiacha hivyo, mama akiwatazama wote wawili.

"Asubuhi ile alitaka kuniambia," Pasi alisema. "Nikamwambia jioni. Kwako alisikilizwa. Kwangu alikuwa anachosha. Nisamehe wewe, maana yeye siwezi kumwomba tena."

"Usiniombe. Hizi ngazi umezihesabu? Alikuwa akifika juu anashika kifua, anasema ni uzee tu. Nami nikampa kiti na maji, basi. Ningekuja mimi nyumbani. Nilifurahi kuwa na siri naye, nikaacha apande."

Pasi hakumwambia si kosa lako, maana naye hakutaka kuambiwa hivyo. Alichukua mkono wake, ule usioruhusiwa kugusa uso, akaubana shavuni.

Nyuma yao mteja alikohoa.

"Niliambiwa nilete posa," Miwani alisema polepole. "Aliyesema yupo, hayupo. Nimpelekee nani?"

"Mama mdogo. Ana maneno, jiandae."

"Kuliko wewe?"

"Mimi nilimaliza maneno yangu vibaya. Nimebaki na machache."

Mashine ikaanza kutoa picha, taratibu, paji la uso kwanza, kisha macho. Pasi aliisubiri bila kuivuta, mpaka kidevu kilipotoka.