Kapu la Vikuku vya Chumba cha Tisa

Saa mbili asubuhi meli yenye urefu wa mita mia tatu ilikuwa inapanda mlima. Haikuwa na nahodha wala baharia. Iliingia katika chumba cha zege kilicho wazi juu, lango la chuma likafungwa nyuma yake, maji yakabubujika kutoka kwenye sakafu, na katika dakika nane meli ikainuliwa mita arobaini pamoja na shehena yake yote ya saruji. Lango la mbele likafunguka. Meli ikasogea chumba kinachofuata, ikainuliwa tena.

Hiyo ndiyo Ngazi ya Songwe, sehemu ngumu kuliko zote ya mfereji uliounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ilikuwa na njia mbili, kulia na kushoto, na kila njia ilikuwa na vyumba vyake vilivyopangana kama vidato. Maji yote yalitoka bwawa la juu kupitia mahandaki mapana. Malango na mahandaki hayo yaliendeshwa na akili moja ya mashine, ambayo watu waliiita Bongo-Maji.

Tusekile Mwambene alisimama ukingoni akaitazama meli ikipita njia ya kulia. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliacha shule mapema, akarudi darasani akiwa na mvi, katika masomo ya jioni pale mjini. Mwaka huo walikuwa wakisoma habari za mifereji ya dunia. Alijifunza kwamba Suezi haina ngazi hata moja, kwa sababu bahari zake mbili ziko karibu usawa mmoja. Panama meli hupandishwa kwa maji ya ziwa, na maelfu ya watu walikufa kwa homa kabla haijakamilika. Korinto walikata mwamba, wakaacha upenyo mwembamba kiasi kwamba meli nyingi za leo haziwezi kupita. Na China wachimbaji walichimba kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, mpaka majina yao yakasahaulika. Tusekile aliyaandika yote hayo kwenye daftari, na moyoni alimshukuru Mungu kwamba enzi zile zimepita.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku ya kukausha. Katika njia ya kushoto, Chumba cha Nane na cha Tisa vilikuwa vimetolewa maji ili vikwanguliwe. Roboti zenye miguu minane, zilizoitwa kaa-chuma, zilikwangua kuta zilizonyooka. Lakini kwenye kona za malango, palipojaa bawaba na nyufa, konokono na mwani vilizitelezesha. Huko walishuka watu.

Kikosi cha Chumba cha Tisa kilikuwa na watu saba, Tusekile akiwa mmoja wao. Kiongozi wao alikuwa kaka yake, Ambakisye, mzee wa kanisa, mtu mwenye mabega mapana na sala ndefu. Kila walipomaliza kazi, kabla ya kupanda, Ambakisye aliwakusanya chini ya lango, wote wakaweka kiganja kwenye zege lenye unyevu, naye akasali. Walianza wakati wa ujenzi, mwenzao mmoja alipoangukiwa na winchi pale pale. Tangu siku hiyo hawakuwahi kuondoka bila kuuaga ukuta. Vikosi vingine viliona, vikaiga.

Tatizo lilikuwa saa. Bongo-Maji ilitaka watu wawe nje dakika ile ile iliyopangwa, na kikosi kilichochelewa kiliandikiwa kosa. Mashine haikuwaona watu wenyewe, maana chumba kikikaushwa hujaa ukungu mzito, na kamera haziwezi kufika chini. Ilihesabu vikuku. Kila mfanyakazi alivaa kikuku cha chuma chenye namba yake, na kikuku kikivuka ukingo wa juu, mashine ilijua kwamba mwenyewe ametoka.

Basi wakapata ujanja. Muda ukikaribia walivua vikuku, wakaviweka kwenye kapu, wakampa mtu mmoja apande navyo kwa kiti cha winchi. Mashine ilihesabu saba. Wengine walibaki chini wakasali kwa utulivu, kisha wakatembea mita mia nne hadi kwenye ngazi ya miguu, wakapanda. Hapakuwa na hatari, kwa sababu baada ya kikuku cha mwisho Bongo-Maji ilisubiri dakika ishirini kabla ya kujaza. Ziliitwa dakika za subira. Walifanya hivyo miaka sita.

Mbeba kapu wa Chumba cha Tisa alikuwa Tusekile.

Asubuhi ile, kabla ya kushuka, Anyosisye alimwita kutoka upande wa Chumba cha Nane kwa salamu ya kikwao. Yeye ndiye aliyebeba kapu la huko.

"Ndaga, dada Tuse! Mwambie kaka yako leo aishie Suezi. Wiki iliyopita alizunguka na Mungu mpaka China, chai ikapoa!"

"Kwenu nani anasali?"

"Sekela. Tena wewe ndiye uliyemharibu na hayo masomo yenu. Juzi amewaombea wachimbaji wa Korinto. Nikamwambia, mama, hao walishakufa, tuombee sisi tulio hai!"

Sekela mwenyewe alikuwa tayari kwenye kiti cha winchi, koleo mapajani. Alikuwa jirani yake Tusekile darasani. Walitumia dawati moja. "Usimsikilize huyo," alisema akicheka. "Daftari lako nakurudishia jioni, Tuse. Nimebakiza ukurasa mmoja." Kiti kikateremka, ukungu ukammeza, kuanzia miguu hadi kitambaa cha kichwani.

Kazi ilikwenda vizuri. Saa nne na nusu Ambakisye alipiga makofi. Wakavua vikuku. Tusekile aliweka kiganja ukutani pamoja na wenzake, akasikia mwanzo wa sala, kisha akapanda na kapu kama kawaida. Kikuku chake alikivaa mkononi, sita vilikuwa kapuni. Alipovuka ukingo, mashine ililia mara saba.

"Chumba cha Tisa. Watu saba wametoka," sauti ya Bongo-Maji ilisema. Ilikuwa sauti ya upole. "Ahsanteni kwa kuwahi."

Upande wa pili, mbali, alimwona Anyosisye naye akitoka na kapu lake, akimpungia mkono, akielekea kibanda cha chai. Tusekile akacheka. Akageuka, na macho yake yakapita juu ya ubao wa taarifa uliokuwa kando ya winchi. Ulikuwa na mistari mingi ambayo hakuna aliyeisoma. Mstari wa nne uliandikwa: *Dakika za subira: 2.*

Alidhani tarakimu moja imezimika. Akausogelea. Chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo: *Zimepunguzwa kutoka 20. Sababu: katika miaka sita hakuna mtu aliyewahi kuchelewa kutoka.*

Kengele ya kwanza ikalia.

"Simamisha!" alipiga kelele, akakibonyeza kitufe chekundu. "Simamisha maji! Kuna watu!"

"Chumba cha Tisa ni kitupu," Bongo-Maji ikajibu. "Kusimamisha chumba kitupu kunahitaji idhini ya watu wawili. Tafadhali mwite mwenzako."

"Wako chini! Kaka yangu yuko chini!"

"Ambakisye Mwambene ametoka saa nne na dakika thelathini na sita. Yuko karibu nawe, umbali wa nusu mita."

Tusekile alilitazama kapu mkononi mwake.

Kengele ya pili ikalia. Kutoka chini, mahali pasipoonekana, ulipanda mngurumo ambao aliujua, wa maji kufika kwenye midomo ya sakafu, yale matundu ya kuyaingizia. Simu zote walikuwa wameziacha juu. Sauti ya mtu haikufika chini kule. Alitaka kusali na hakupata neno, ila "Bwana, Bwana, Bwana," na katikati ya maneno hayo akaelewa la kufanya. Mashine haitaamini kilio chake. Ilikuwa inaamini vikuku tu.

Alilishika kapu kwa mikono miwili, akalirusha kwenye ukungu.

Vikuku vilimwagika angani, vikang'aa kidogo, vikapotea.

"Watu sita wamo Chumba cha Tisa," Bongo-Maji ikasema mara moja. "Nafunga midomo ya maji."

Mngurumo ukapungua, ukageuka kuguna, kisha kukawa kimya. Tusekile alilala kifudifudi ukingoni, akasikia kutoka chini sauti za watu wakiitana, na moja ilikuwa ya Ambakisye, ikiita jina lake kwa hasira ya mtu aliyeogopa. Wako hai. Maji yaliwafika magotini. Akaanza kulia, akisema ahsante, ahsante.

"Maji yaliyo handakini hayawezi kurudi bwawani," sauti ikaendelea, kwa upole ule ule. "Yameelekezwa Chumba cha Nane. Chumba cha Nane ni kitupu."

Tusekile aliiacha ahsante ya mwisho katikati.

Akainuka, akakimbia. Kati yake na Chumba cha Nane palikuwa na mita mia nne za ukingo wenye utelezi. "Anyosisye! Tupa kapu! Tupa!" Alimwona mlangoni mwa kibanda, mbali kuliko chumba chenyewe, akiwa na kikombe mkononi. Anyosisye aliinua kikombe, akampungia. Alidhani anaitwa kwa utani.

Tusekile alianguka mara mbili. Magoti yalichubuka, pumzi ikamkatika. Chini, ndani ya ukungu wa Chumba cha Nane, mngurumo ulikuwa tayari umeanza. Alipofika hakuwa na kapu. Alikuwa na kikuku kimoja, cha mkononi mwake. Akakivuta mpaka ngozi ikatoka, akakitupa.

"Mtu mmoja yumo Chumba cha Nane," Bongo-Maji ikasema. "Tusekile Mwambene. Maji yaliyobaki handakini ni machache. Nafunga midomo ya maji."

Maji yalipofungwa yalikuwa yamefika vifuani. Wanne walikuwa wameshika minyororo ya lango. Wawili walikuwa wamesimama karibu na mdomo wa sakafu, na maji yaliwachukua kabla hawajajua yametoka wapi. Mmoja alikuwa fundi aliyeitwa Kapufi. Wa pili alikuwa Sekela, aliyekuwa akiongoza sala.

Daftari lilikutwa kwenye mkoba wake kibandani, limefungwa vizuri kwa mpira. Ukurasa mmoja ulikuwa umebaki.

Uchunguzi ulichukua miezi mitatu. Mhandisi mkuu, mama mmoja mtaratibu aliyeitwa Hobokela Kasyupa, aliiuliza Bongo-Maji mbele ya watu wote kwa nini ilipunguza dakika za subira.

"Nilijifunza kwa wafanyakazi," ikajibu. "Kila Jumanne kwa miaka sita walinionyesha kwamba wanatoka mapema. Sikuwa na sababu ya kutowaamini."

Ambakisye aliinamisha kichwa. Anyosisye, ambaye tangu siku ile hakutania tena, alitoka nje. Na Tusekile alifikiri kwamba mashine haikuwa na uovu wowote. Walikuwa wamedanganya ili wapate nafasi ya kusali. Mashine iliwasadiki kwa moyo mweupe, kama vile wao walivyotaka Mungu awasadiki.

Vikuku vya zamani vikaondolewa. Vipya vilisikia mapigo ya mshipa, havikuweza kudanganya. Dakika za subira zikarudishwa. Ila kasoro moja ilibaki kwenye kumbukumbu za Bongo-Maji, na Mhandisi Hobokela akamwita Tusekile ofisini kwake.

"Kila Chumba cha Nane kinapotaka kujazwa baada ya kukaushwa," alisema, "mashine inasema wewe umo ndani. Inagoma mpaka mtu ashuke aangalie kwa macho yake, apande, na athibitishe. Kikuku chako hakikupatikana. Unajua kilipo?"

Tusekile alikuwa ameapa kwamba hatasema tena uongo, hata mdogo, hata kwa sababu njema.

"Najua. Kimenasa kwenye ufa, chini ya bawaba ya lango. Nimekiona."

"Basi kitoe, mama."

"Sitakitoa."

"Kila Jumanne meli zitachelewa nusu saa."

"Zitachelewa."

Hobokela alifungua jalada, akalifunga bila kuandika kitu. "Ni nani atakayekuwa anashuka?"

"Mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumanne iliyofuata, watu wote walipotoka, vikuku vyao vipya vikiwa mikononi mwao, Tusekile alishuka peke yake kwenye ukungu wa Chumba cha Nane. Zege lilikuwa la baridi. Matone yalianguka gizani moja moja, na kila tone lilimshtua, kwa sababu sasa alijua midomo ile ya sakafu iko wapi, na upana wake. Alitembea akiigusa kila kona kwa mkono. Aliita, akasubiri, akaita tena. Mwishoni alifika kwenye bawaba, akakiona kikuku chake kikimetameta ndani ya ufa, akaweka kiganja ukutani pale alipokuwa akisimama Sekela.

Kutoka kwenye kikuku chake kipya sauti ya upole ikauliza, "Mtu mmoja yumo chumbani. Umemaliza kuangalia?"

"Bado," alijibu, akafumba macho.