Kura Tatu za Fundi Redio

Fundi redio alisogeza simu puani kama mtu anayenusa samaki. Herufi za michoro ya redio zilikuwa ndogo kama chawa. Wiki ile alikuwa ameunguza redio mbili za wateja kwa kusoma namba vibaya. Ya tatu ingemfungia kibanda.

Michoro hiyo ilikuwa kwenye programu ya simu wanayotumia mafundi wengi. Ukitaka kitu kibadilishwe, unaandika pendekezo, wenzako wanalipigia kura. Linaloongoza ndilo linalotengenezwa. Siku ile kura zingefungwa saa sita mchana.

"Pendekezo langu la herufi kubwa lina kura mbili tu!" alifoka. "Na mimi mwenyewe wananikatalia kupiga! Wezi hawa!"

"Hawajakuibia, shemeji," alisema mdogo wa mkewe, karani wa maktaba, aliyepita kuchukua pasi yake. "Kila mtu ana kura tatu, hata akitaka kuziweka zote kwenye pendekezo moja. Zako umezipeleka wapi?"

Fundi akajikuna. "Rangi ya kijani. Mlio wa kengele. Na... picha ya jogoo."

"Jogoo! Na macho huna!" mkewe akacheka kutoka mlangoni.

"Basi nimekwisha."

"Bado," karani akasema. "Gusa tena pale ulipopiga, kura inarudi. Halafu ona hapa: herufi kubwa, maandishi makubwa, yasomeke bila miwani. Mafundi kumi na wawili mmeandika jambo moja, kila mtu na lake!"

"Kila fundi anataka lenye jina lake."

"Ndiyo maana kura zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Zikusanyeni kwenye lile lenye nyingi kati ya haya."

Lenye nyingi, kura tisa, lilikuwa la fundi wa mtaa wa pili, hasimu wake wa miaka yote.

"Yule? Afadhali nipofuke!"

Mkewe hakucheka tena. "Utapofuka kweli. Saa tano na nusu hii."

Fundi akaishika simu. Akarudisha kura zake zote, akazipeleka kwenye pendekezo la hasimu wake. Kisha akawapigia wenzake simu mmoja mmoja. "Rudisha zako, weka kule. Ndiyo, kwa yule yule! Meza tu!"

Kumi na tano. Ishirini na mbili. Rangi ya kijani, iliyokuwa ikiongoza, ilikuwa na ishirini na nane. Ilipogonga saa sita, herufi kubwa zilikuwa na thelathini na moja.

Mwezi uliofuata fundi alisoma mchoro akiwa ameegemea kiti. Akachomelea waya mmoja. Redio ikaimba.

"Na jogoo wako?" mkewe akauliza.

"Huyo hawiki hapa."